Vyuma vya meno vilivyonifunza upya sauti za Kiswahili

JUMATATU moja mwaka jana niliingia Kidato cha Tatu kufunza sauti za Kiswahili, mada ambayo nimeifunza kwa zaidi ya miaka 15. Niliandika ubaoni alama ya sauti /s/, nikageuka kuwaangalia wanafunzi, nikafungua kinywa. "Thikilizeni," nikasema. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likaangua kicheko. Mwanafunzi mmoja wa kiti cha nyuma akainua mkono na kuuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hiyo ni /s/ ama ni /th/?"

Lilikuwa swali zuri la fonetiki, na mwalimu wa fonetiki hakuwa na jibu. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimefungwa vyuma vya meno, nikiwa na umri wa miaka 42. Meno yangu ya juu yalikuwa yakiyafunika ya chini kupita kiasi, na ya chini yalikuwa yamesongamana kama abiria wa matatu ya jioni, hata yakaanza kulika. Daktari alinionya kuhusu maumivu, akanionya kuhusu chakula, akanionya kuhusu usafi. Kuhusu Kiswahili changu alisema tu, "Utazoea."

Makala haya yanalenga kueleza kilicho nyuma ya neno hilo "utazoea". Nitaeleza vyuma hivi ni nini na tuviite nini, kwa nini vinabadilisha matamshi, ni sauti zipi za Kiswahili zinazoathirika na zipi zinazosalimika, na mtu afanye nini ili arejee katika usemaji wake. Mwishoni nitagusia deni ninalodaiwa na msichana mmoja, deni ambalo sikujua ninalo hadi siku ile darasani.

Tuanze na jina. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, watu wengi husema "vyuma vya meno" au "waya za meno". Wapo wanaolitohoa neno la Kiingereza na kusema "brasi". Wapenzi wa ngeli watakumbuka kwamba neno waya likiwekwa katika ngeli ya U-ZI, wingi wake ni nyaya, kwa hiyo mwandishi mwangalifu ataandika "nyaya za meno" hata kama jirani yake anasema "waya zake". Kiswahili pia kina neno gango, linalotokana na kitenzi ganga, lenye maana ya kitu cha kushikilia au kuunga kilichovunjika. Neno hilo lina uzuri wake, ila ukimwambia mtoto wa Kayole kwamba ana gango mdomoni atadhani umemtukana.

Binafsi nimelikubali "vyuma vya meno". Mhakiki mmoja wa walimu wenzangu alipinga, akasema kwamba siku hizi vipo vya kauri, vyeupe kama jino lenyewe, na hivyo si vyuma. Nilimjibu kwamba sote tunasema "kalamu ya risasi" na hakuna risasi ndani yake. Kilichomo ni grafati. Jina la kitu hufuata mazoea ya wasemaji zaidi ya linavyofuata maabara. Hata hivyo, tukitaka kueleza sehemu zake tunahitaji msamiati ulio makini zaidi. Vile vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye kila jino ninaviita vibano, kutokana na kitenzi bana. Uzi wa chuma unaopita katika vibano hivyo ni waya. Vijipete vya mpira vinavyoushikilia waya katika kibano ni vifungo vya mpira.

Fani yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mnamo 1728, daktari Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kuhusu utabibu wa meno ambamo alieleza kifaa chenye umbo la nusu duara cha kupanua safu ya meno. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Edward Angle aliainisha namna meno ya juu na ya chini yanavyokosa kukutana sawasawa, na uainishaji wake wa 1899 ungali msingi wa kazi ya madaktari hadi leo.

Kinachofanyika kinywani ni hiki. Jino halikupandwa katika taya kama msumari katika ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa wa taya mna utando mwembamba wa nyuzinyuzi unaolishikilia. Waya unapolisukuma jino upande mmoja, mfupa wa upande unaosukumwa humomonyoka polepole, na mfupa mpya hujengeka upande ule jino linakotoka. Jino basi huhama, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Ndiyo maana wengi hukaa na vyuma kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, wengine zaidi, na humwona daktari kila baada ya wiki kadhaa ili waya ukazwe au ubadilishwe. Mgonjwa anayetaka kuharakisha mambo hana budi kukumbuka kwamba subira huvuta heri.

Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa, huzidi siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Si maumivu ya kisu. Ni kama meno yote yamechoka kwa pamoja. Usiku wa kwanza nilishindwa kutafuna wali. Ndani ya midomo na mashavu, ngozi laini isiyozoea kusuguana na vibano hupata vidonda. Daktari hukupa nta maalumu ya kufunika kibano kinachokuchoma, na kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi husaidia. Mate nayo huongezeka, kwa sababu kinywa kinadhani kimeingiwa na kitu cha kuliwa. Mseme mtu kwa mate yote hayo na mniambie atatamka nini.

Hapa sasa tunaingia katika somo letu. Tunapofunza ala za sauti, huwa tunazitaja kwa kukariri: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, ulimi, koromeo. Mwanafunzi huziandika, hupata alama zake, na hasahau wala hakumbuki. Mtu aliyefungwa vyuma huzikumbuka zote kwa siku moja, kwa sababu kila sauti inampelekea taarifa ya mahali inapotengenezwa.

Sauti za midomo, yaani /p/, /b/, /m/ na /w/, zinahitaji midomo ikutane au ikaribiane. Vibano vilivyo mbele ya meno huisukuma midomo nje kidogo, kwa hiyo kuifunga kunahitaji juhudi mpya. Neno "baba" lilitoka sawa, lakini nilihisi kana kwamba nalisema nikiwa nimevaa midomo ya mtu mwingine. Sauti za midomo-meno, /f/ na /v/, ni ngumu zaidi kidogo. Ili kutamka "fua" au "vua", mdomo wa chini hukutana na ncha za meno ya juu. Ikiwa mdomo una kidonda mahali hapohapo, kila "kufika" na kila "kuvuka" kuna bei yake.

Kwa upande mwingine, sauti za nyuma ya kinywa hazikuguswa. /k/, /g/, /gh/ na /ng'/ hutengenezwa pale nyuma ya ulimi inapokutana na kaakaa laini, mbali kabisa na waya. /h/ hutoka kooni. Irabu zetu tano nazo hazihitaji meno hata kidogo. Siku ile ya kwanza nilingundua kwamba ningeweza kusimulia habari za kuku, kaka, gogo na ng'ombe kutwa nzima bila aibu. Bahati mbaya, ratiba ya Kidato cha Tatu haikuwa na mada ya kuku.

Mashaka makubwa yalikuwa katikati: kwenye meno, ufizi na kaakaa gumu. Hapo ndipo Kiswahili kilipoweka sauti zake nyingi. Kwenye ufizi tunatamka /t/, /d/, /n/, /s/, /z/, /l/ na /r/. Nyuma kidogo tunatamka /sh/, /ch/, /j/ na /ny/. Kwenye meno tunatamka /th/ na /dh/, ambazo tulizipata hasa kupitia maneno ya Kiarabu kama vile thelathini, thawabu, dhahabu na dhambi. Na kwa wazawa wa Mombasa hesabu inaongezeka, maana Kimvita kina /t/ mbili na /d/ mbili, moja ya menoni na nyingine ya ufizini, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi.

Msomaji makini atauliza: ikiwa vibano vimegandishwa upande wa nje wa meno na ulimi unafanya kazi upande wa ndani, vinagombana vipi? Ni swali la haki. Kwa kweli, watu wengi waliofungwa vyuma vya nje hupata mabadiliko madogo tu ya matamshi, na kwa siku chache. Wanaotaabika zaidi ni makundi matatu. La kwanza ni waliofungwa vyuma upande wa ndani, ulimi unakopita. La pili ni wanaovaa kifaa kinachofunika kaakaa au kulipanua. La tatu, ambalo ndilo langu, ni wale ambao meno yao ya juu yanayafunika sana ya chini. Sisi huwekewa vijiinuko vidogo nyuma ya meno ya mbele ya juu, ili meno ya juu yasigonge vibano vya meno ya chini. Vijiinuko hivyo huyazuia meno kufunga kabisa, na hukaa palepale ambapo ncha ya ulimi imezoea kutembelea.

Sasa itazame /s/ inavyotengenezwa. Ncha ya ulimi hukaribia ufizi bila kuugusa na kuacha mfereji mwembamba katikati. Hewa hupita kwa kasi katika mfereji huo, ikaenda kugonga ncha za meno ya mbele, na mgongano huo ndio unaotoa ule mvumo mkali kama wa nyoka. Kwa hiyo /s/, ingawa tunaiita sauti ya ufizi, haiwezi kuwa kali bila msaada wa meno yaliyokaribiana. Meno yakiwa yameachana, au ulimi ukikuta kijiinuko njiani, mfereji hupanuka, ulimi huteleza mbele, na hewa hutoka kwa upole kati ya ulimi na meno. Sauti ya namna hiyo tayari ina jina katika Kiswahili: ni /th/. Vivyo hivyo /z/, ambayo ni pacha ghuna wa /s/, huteleza ikawa /dh/.

Mtu anaweza kusema kwamba kuteleza huko si neno kubwa, kwa kuwa muktadha utafafanua. Mara nyingi ni kweli. Nikisema "thatha" kila mtu anajua ni "sasa", maana hatuna neno "thatha". Tatizo ni pale lugha ilipoweka neno pande zote mbili za mstari. Samani ni viti na meza. Thamani ni kadiri ya ubora au bei. Zana ni kifaa cha kazi; dhana ni wazo. Zidi ni ongezeka. Dhidi ni kinyume na. Wiki ile nililieleza darasa kuhusu "dhana za kilimo" na mwanafunzi mmoja akaandika dhana. Sikumkosoa. Aliandika alichosikia, na alichosikia ndicho nilichosema.

Hali hii ya kutamka /s/ kama /th/ Kiswahili kinaiita kithembe. Ni neno la ngeli ya KI-VI, na kwa bahati mbaya huandamana na kicheko. Wenye kithembe huigizwa katika vichekesho vya redio na jukwaani kama watu wasio na akili timamu. Watoto huwaita majina. Ila tukiwa wanaisimu, hatuna budi kuuliza: kasoro hii iko wapi hasa? Tazama lugha ya Gikuyu. Maneno ya Kiswahili yenye /s/ yalipoingia katika lugha hiyo, mengi yalipokewa kwa sauti inayoandikwa th. Saa ikawa thaa. Simu ikawa thimũ. Hakuna mzee wa Murang'a anayeambiwa ana kithembe akiuliza ni thaa ngapi. Anafuata kanuni ya lugha yake. Kitendo kilekile cha ulimi, ambacho darasani kwangu kilikuwa kichekesho, kilomita chache kutoka hapo ni sarufi.

Simaanishi kwamba tuache kufunza matamshi sanifu. Namaanisha kwamba tutofautishe mambo matatu ambayo walimu huyatia katika kapu moja. Kuna kosa, ambapo msemaji hajui sauti inayotakiwa. Kuna athari ya lugha ya kwanza, ambapo msemaji anaijua ila mazoea ya lugha ya nyumbani yanamvuta. Na kuna hali ya kimaumbile au ya kitabibu, ambapo msemaji anaijua sauti, anaikusudia, lakini ala zake hazimtii. Dawa ya kwanza ni mafunzo, ya pili ni mazoezi na muda. Ya tatu, nyakati nyingine, ni kungoja tu.

Katika kungoja huko kuna mambo ya kufanya. Nilichofanya mimi, na ambacho hupendekezwa mara kwa mara, ni kusoma kwa sauti kila siku. Robo saa ilitosha. Nilisoma gazeti hili ukurasa mmoja, polepole, nikikawia kwenye kila /s/ na /z/. Baadaye nilijitungia vitanzandimi vyangu: "Zana za zamani za Zuhura zimezidi dhana za dhati za Adhiambo." Na kingine: "Samani za Saumu zina thamani sawa na thuluthi ya shamba la shangazi." Mke wangu alisema nyumba imegeuka chuo. Binti yangu, aliye darasa la sita, alikuwa akisimama mlangoni na kunikosoa, na sidhani kuna kazi aliyowahi kuifurahia zaidi.

Kanuni ya kuzoea ni kwamba ulimi una kumbukumbu. Kwa miaka 42 ulikuwa ukijua ufizi uko wapi bila kuuliza. Ghafla ramani ikabadilika. Kila unapozungumza, masikio yako yanausikia mtelezo na kuuarifu ubongo, nao unarekebisha pahala pa kuelekeza ulimi. Kwa hiyo anayenyamaza kwa kuona haya anajichelewesha mwenyewe. Wengi huzoea ndani ya wiki moja hadi nne. Mimi nilichukua tatu, na katika ya tatu likatokea jambo ambalo lilinipa mfano bora wa darasani. Nilikuwa nimejikaza mno kuikwepa /th/, hadi nikasema "samani ya fasihi simulizi katika jamii". Darasa zima likaitikia, "Thamani, mwalimu!" Wanaisimu huliita jambo hili usahihishaji wa kupindukia: msemaji anaogopa kosa kiasi kwamba anasahihisha hata pasipo na kosa. Tunalisikia kila siku kwa mtu anayehangaika na /l/ na /r/.

Nisisahau chakula, maana anayelala njaa hafanyi mazoezi ya vitanzandimi. Wiki ya kwanza ni ya uji, viazi vilivyopondwa, mayai, ndizi mbivu, maharagwe yaliyoiva vizuri na ugali laini kwa mchuzi. Baadaye unarejea kwa vyakula vingi, ila kwa kukata vipande vidogo na kutafunia magego. Vya kuagana navyo kwa muda ni mahindi ya kuchoma, miwa, njugu ngumu, mifupa, chingamu na peremende za kunata. Kibano kikibanduka, unarudi kliniki na safari inarefuka. Githeri ya mahindi makavu niliiacha baada ya punje moja kunikumbusha. Usafi nao hauna mzaha: piga mswaki baada ya kila mlo kwa dawa yenye floridi, na upitishe burashi ndogo chini ya waya. Mabaki ya chakula yakilala pembeni mwa vibano, siku vikitolewa utaachiwa madoa meupe kwenye jino kama ukumbusho.

Na siku hiyo ikifika, kazi haijaisha. Meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa hiyo mgonjwa hupewa kifaa cha kuyashikilia. Kikiwa cha aina inayofunika kaakaa, /s/ inaweza kukutoroka tena kwa siku kadhaa. Ni vyema kujua mapema usije ukadhani umerudi mwanzo.

Nilisema kuna deni. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mwamuzi wa mashindano ya kukariri mashairi ya shule za upili. Msichana mmoja alipanda jukwaani akiwa na vyuma vya meno, mwenye kumudu vina na mizani kama aliyezaliwa navyo. Shairi alilielewa, uso na mikono yake ilisema hivyo. Lakini kila /s/ yake ilikuwa na mtelezo. Katika sehemu ya matamshi nilimkata alama, na kwenye karatasi nikaandika, "Matamshi yana kasoro. Jitahidi." Alikosa nafasi ya kusonga mbele kwa alama chache. Ninakumbuka alivyoisoma ile karatasi, akafunga mdomo, akaufunga kabisa, na hakuufungua tena hadi basi lao lilipoondoka.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na jedwali la alama lenye safu iliyoandikwa "matamshi", na nikaijaza. Sikujiuliza kama anaijua /s/ au haijui. Ningemwomba anitajie tofauti ya samani na thamani angenijibu barabara, na hilo lingenionyesha kwamba umilisi wake haukuwa na doa. "Jitahidi", nilimwambia. Leo ninajua alikuwa akijitahidi katika kila mshororo, kwa mdomo wenye vidonda.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa katika mtaala wa umilisi, Kusikiliza na Kuzungumza ni sehemu ya tathmini ya kila siku, na mwalimu ndiye mwamuzi. Watoto na vijana ndio wengi kati ya wanaofungwa vyuma, kwani umri huo ndio taya zinapokua. Ningependa kuwapa walimu wenzangu mapendekezo matatu. Mosi, kabla ya kutathmini usemaji, fahamu nani ana vyuma, nani amepoteza meno ya mbele kwa kukua, nani ana kithembe cha kuzaliwa nacho. Pili, pima ujuzi wa sauti kwa njia zaidi ya moja: mwache atambue, atenganishe jozi, aandike anachosikia. Tatu, ikiwa tathmini inaweza kusubiri wiki tatu, isubiri. Na kwa mzazi: usimkataze mtoto kuzungumza mbele ya wageni hadi "akae sawa". Kuzungumza ndiko kunakomweka sawa.

Wahenga walisema ulimi unauma kuliko meno. Nilikuwa nikiueleza msemo huu kama onyo kwa wasengenyaji. Siku hizi ninapoueleza ninaikumbuka karatasi ile, pamoja na neno langu moja lenye silabi nne. Meno yangu yaliuma wiki moja.

Muhula huu nina mvulana darasani aliyefungwa vyuma mwezi uliopita. Juzi nilimwita asome ufahamu. Alisita, akatazama pembeni kuona nani ataanza kucheka. Nikamwonyesha vyangu, vyote, hadi magego. Akasoma aya nzima. Zile /s/ zake hazikuwa /s/ bado, na kwenye daftari langu la tathmini nikaandika: "Anasoma kwa ufasaha. Sauti zinarejea."